Uzito wa picha hupimwa mara mbili

Picha ya mandharinyuma ina pikseli 2000 kwa 1500. Mbunifu ameibana vizuri, faili lina KB 180 tu, na kila aliyeliona kwenye orodha ya mafaili ameridhika nalo. Limetupwa ndani ya drawable, folda ya picha za programu ya Android, ile isiyo na kiambishi chochote mwishoni mwa jina lake, na msimbo unalifungua kwa BitmapFactory.decodeResource, amri ya Android ya kufungua picha. Kwenye simu ya bei ya chini programu inafunguka, inasitasita kidogo, kisha inaendelea. Kwenye simu ya gharama, yenye skrini kali, inaanguka pale pale. Malalamiko yanatoka kwa wenye simu nzuri, na timu inabaki kushangaa kwa sababu imezoea kinyume chake.

Hesabu ni hii. Android huichukulia picha iliyo kwenye drawable tupu kuwa ya mdpi, yaani iliyotengenezwa kwa skrini ya nukta 160 kwa inchi. Simu ya nukta 320 huikuza mara 2 kila upande, inakuwa 4000 kwa 3000. Kila pikseli ikishafunguliwa huchukua baiti 4, kwa hiyo hapo tayari ni baiti milioni 48. Simu ya nukta 480 huikuza mara 3, inakuwa 6000 kwa 4500, baiti milioni 108. Sasa, matoleo mengi ya Android hayakubali kuchora picha moja inayozidi MB 100, ambazo ni baiti 104,857,600. Yanatupa kosa lenye maneno "Canvas: trying to draw too large" na programu inafungwa. Faili bado ni lile lile la KB 180.

Dawa yake ni kulihamisha faili. Likiwekwa drawable-nodpi mfumo hauligusi, linabaki 2000 kwa 1500, baiti milioni 12 kwenye kila simu. Likiwekwa drawable-xxhdpi linachukuliwa kuwa tayari ni la nukta 480, na simu za chini yake hulipunguza badala ya kulikuza. Matoleo mapya ya Android yamelainisha baadhi ya njia za kupakia picha ili zisikuzwe namna hii, lakini decodeResource ingali na tabia yake ya zamani, na misimbo inayoitumia ni mingi kuliko watu wanavyokiri.

Kisa hiki kina somo karibu zima la picha kwenye simu. Picha ina uzito wa faili na uzito wa RAM, yaani memori ya kazi ya simu, na mizani hizi mbili hazisikilizani. Uzito wa faili ndio unaokula bando la mtumiaji na nafasi ya kuhifadhi. Unategemea fomati, kiwango cha ubora, na wingi wa mambo yaliyomo ndani ya picha yenyewe. Uzito wa RAM hautegemei hata kimoja kati ya hivyo. Ni upana mara urefu mara 4, basi. Ukishusha ubora wa JPEG kutoka 90 hadi 60, faili litapungua sana na RAM haitasikia kitu. Ukiigeuza kuwa WebP, fomati inayobana zaidi, hivyo hivyo. Anayeambiwa programu yake inakula memori, kisha akakimbilia kubana mafaili, anafunga bandeji mguu usiouma.

Iko njia moja ya kupunguza RAM bila kugusa vipimo: kufungua picha kwa RGB_565, ambayo hutumia baiti 2 kwa pikseli badala ya 4. Inafaa kwa vijipicha visivyo na uwazi, yaani sehemu zinazoonyesha kilicho nyuma. Ila haibebi uwazi kabisa, na ikikutana na anga au ukuta wenye rangi inayofifia polepole, inachora mistari mipana kama ngazi. Hatuitumii tena isipokuwa kwa simu zenye RAM ndogo kabisa.

Fungua kwa kipimo cha mahali pake

Picha ya wasifu kwenye orodha ya ujumbe mara nyingi huwa ya dp 48; dp ni kipimo cha mpangilio cha Android kisichotegemea ukali wa skrini. Kwenye skrini ya mara 3, ile ya nukta 480, hizo ni pikseli 144 kwa 144, sawa na baiti 82,944. Mtumiaji amepakia picha ya kamera ya megapikseli 12, pikseli 4000 kwa 3000. Ukiifungua nzima ili kuionyesha ndani ya kile kiduara, umelipa baiti milioni 48 kwa kazi ya baiti elfu themanini na tatu, karibu mara 580 ya kilichohitajika. Watu kumi tu wakionekana kwenye skrini, hapo ni baiti milioni 480. Orodha inayokwama ikisogezwa, mara nyingi sababu ni hiyo, wala si kitu cha ajabu ndani ya msimbo wa orodha.

Kwenye Android, ukifanya kwa mkono, hatua ni mbili. Unaifungua kwanza huku inJustDecodeBounds ikiwa true. Hapo hakuna pikseli inayofunguliwa, unapewa upana na urefu tu. Kisha unachagua inSampleSize na kufungua kweli. Thamani hiyo hushushwa hadi kipeo cha 2 kilicho chini yake: ukiandika 3 unapewa 2, ukiandika 7 unapewa 4. Tuseme nafasi ina upana wa pikseli 1080 na picha ni ile ya 4000. Ukichagua 2 unapata 2000 kwa 1500, baiti milioni 12. Ukichagua 4 unapata 1000 kwa 750, baiti milioni 3. Kanuni inayofundishwa ni kuchagua ile inayobaki juu ya kipimo unachotaka, yaani 2. Kwenye orodha inayosogezwa haraka sisi huchagua 4, kwa kuwa upungufu wa pikseli 80 kati ya 1080 hakuna jicho litakaloukamata, na RAM inashuka mara nne. Kwenye skrini ambayo mtu anatazama picha moja na kuikuza kwa vidole, hapana. Pale ni 2, na ikibidi 1.

Maktaba za kupakia picha kama Glide na Coil hufanya hesabu hii zenyewe kwa kuangalia ukubwa wa ImageView, kisanduku kinachoonyesha picha. Picasso haifanyi mpaka uiambie kwa fit() au resize(), na hapo ndipo wengi wanaohama kutoka maktaba moja kwenda nyingine huumia. Hata Glide ina mtego wake: ukiweka wrap_content, yaani kisanduku kifuate ukubwa wa kilichomo, haina kipimo cha kuangalia, kwa hiyo inachukua ukubwa wa skrini nzima. Mpangilio wa seli ya orodha wenye wrap_content pande zote mbili hufungua kila kijipicha kana kwamba kinajaza skrini. Tena hakuna kinachoonekana kuwa kibaya kwa macho. Picha zinatokea vizuri, ila simu inapata joto.

Upande wa iOS, UIImage ikiwekwa kwenye UIImageView ndogo haipungui; inafunguliwa nzima kisha inabanwa wakati wa kuchora. Tumia CGImageSourceCreateThumbnailAtIndex, na uipe kCGImageSourceThumbnailMaxPixelSize kwa pikseli halisi, sio pointi, ambazo ni kipimo cha mpangilio cha iOS. Kuna vitu viwili husahaulika hapo. kCGImageSourceCreateThumbnailFromImageAlways isipokuwa true, unaweza kupewa kile kijipicha kidogo ambacho kamera ilikificha ndani ya faili, ukabaki unajiuliza kwa nini picha ina ukungu. Na kCGImageSourceCreateThumbnailWithTransform isipokuwa true, picha zilizopigwa simu ikiwa wima zinalala ubavu. Kuanzia iOS 15 kuna preparingThumbnail(of:), ambayo ni fupi zaidi na inatosha kwa kazi nyingi.

Flutter, zana ya kujengea programu za Android na iOS kwa msimbo mmoja, ina cacheWidth na cacheHeight. Hizi ni pikseli halisi za skrini, si pikseli za mpangilio. Mtu ana kisanduku cha upana wa 100, anaandika cacheWidth: 100, na kwenye simu ya mara 3 picha inatoka kama imepakwa mafuta, kwa sababu skrini inahitaji 300. Zidisha kwa devicePixelRatio, ambacho ndicho kizidishi cha skrini. Tena andika moja tu kati ya hizo mbili. Ukiandika zote bila kufuata uwiano wa picha asilia, nyuso za watu zinanyooka au kufutuka. Kache ya picha ya Flutter, hifadhi yake ya muda ya picha zilizokwisha kufunguliwa, kwa kawaida hubeba picha 1000 au MB 100, kimoja kikitangulia kujaa. MB 100 zinaonekana nyingi mpaka ukumbuke kwamba picha mbili tu za megapikseli 12 karibu zinaimaliza.

Seti za msongamano

Seti ni nakala za picha moja, kila nakala kwa ukali wake wa skrini. Uhusiano wenyewe ni rahisi: pikseli ni dp mara nukta za skrini gawanya kwa 160. Kwa hiyo mdpi ni mara 1, hdpi mara 1.5, xhdpi mara 2, xxhdpi mara 3, xxxhdpi mara 4. Ikoni ya dp 24 inakuwa 24, 36, 48, 72 na 96. iOS ina mara 2, iliyokuja na iPhone 4 mwaka 2010, na mara 3, iliyokuja na iPhone 6 Plus mwaka 2014. Ile ya mara 1 haina simu mpya ya kuitumia.

Je, utengeneze seti zote? Kwa ikoni swali hilo limekufa, kwa sababu ikoni inapaswa kuwa vekta, yaani mchoro ulioandikwa kwa mistari na maumbo badala ya pikseli. Kwa picha za kawaida na mandharinyuma, tunaweka xxhdpi peke yake, mara nyingine na xhdpi. Simu ya mara 4 ikikuza picha ya mara 3, tofauti haionekani kwenye picha ya kamera. Inaonekana kwenye maandishi na kingo kali, na hivyo ni vitu ambavyo havikupaswa kuwa picha.

Hofu kwamba seti nyingi zitanenepesha programu ni ya kweli pale tu unapotoa APK, kifurushi cha programu ya Android, moja ya simu zote. Android App Bundle, ambayo Google Play imeidai kwa programu mpya tangu Agosti 2021, humpelekea kila mtu seti ya skrini yake. Apple hufanya vivyo hivyo tangu iOS 9 kwa picha zilizo ndani ya katalogi ya aseti. Picha iliyotupwa nje ya katalogi haichujwi. Flutter ndiyo inayowashangaza watu hapa. Picha zake ziko ndani ya folda ya aseti za Flutter, nje ya zile folda za drawable, kwa hiyo mgawanyo wa msongamano hauzigusi. Ukiweka nakala ya kawaida, ya 2.0x na ya 3.0x, kila mtumiaji anazipakua zote tatu. Kwa Flutter weka 3.0x moja iliyobanwa vizuri na uiache injini ipunguze.

Kabla hujabana chochote, angalia kingo. Wabunifu hupenda kutoa mchoro ukiwa umeelea katikati ya turubai kubwa ili mpangilio utulie. Mchoro wa pikseli 200 kwa 200 uliowekwa kwenye turubai ya 600 kwa 600 una sehemu nane kati ya tisa zilizo tupu. Kwenye faili la PNG utupu huo haugharimu karibu kitu, kwa hiyo hakuna anayeugundua. Kwenye RAM kila pikseli tupu ina baiti zake 4 kama ndugu zake: baiti 1,440,000 badala ya 160,000. Kata kingo, nafasi iwekwe na mpangilio wa skrini.

Vekta, na vekta za uongo

VectorDrawable, fomati ya vekta ya Android, ilikuja na Android 5.0. Ni nzuri mno kwa ikoni, na Google yenyewe inashauri isizidi dp 200 kwa 200. Sababu ni kwamba mchoro unapigwa hesabu kila njia moja moja mara ya kwanza kabla ya kuhifadhiwa kama picha, na mchoro wenye maelfu ya pointi unachelewesha skrini kufunguka. Kielelezo kikubwa cha skrini ya kukaribisha, chenye watu na miti na vivuli, ni bora kiwe WebP. Mtu akikuambia vekta ni nyepesi siku zote, mpe faili la VectorDrawable lenye pathData ya kurasa kumi alifungue.

Zaidi ya hapo kuna vekta za uongo. Mbunifu ameburuta picha ya PNG ndani ya programu ya kuchorea, akatoa SVG, faili la vekta la kawaida. Ukiifungua kwa kihariri cha maandishi unaona data:image/png;base64 ikifuatwa na ukuta wa herufi. Hiyo ni picha ya kawaida iliyovaa kanzu ya vekta, na base64, njia ya kuandika data kwa herufi, imeiongezea theluthi ya uzito juu. Fanya utafutaji wa neno base64 kwenye mafaili yote ya SVG. Ni dakika moja. Kasoro nyingine za mara kwa mara: vivuli na ukungu vinavyotegemea vichujio vya SVG hupotea wakati wa kugeuzwa kuwa VectorDrawable, na maandishi ambayo hayakugeuzwa kuwa njia hayatokei kabisa. Pitisha SVG kwenye svgo, zana ya kuisafisha, kwanza, kisha geuza, kisha uitazame kwenye simu, maana onyesho la ndani ya kihariri huwa na huruma kuliko simu.

Fomati na kubana

WebP ndiyo chaguo letu la kawaida. Android imeifungua tangu 4.0 ile inayopoteza ubora, na tangu 4.3 ile isiyopoteza na yenye uwazi. iOS imeifungua tangu 14, ya mwaka 2020. AVIF hubana zaidi, ila inahitaji Android 12 au iOS 16, kwa hiyo tunaitumia kwa picha zinazotoka kwenye seva inayojua simu inayouliza ni ipi, sio kwa zilizofungwa ndani ya programu.

Amri ya kawaida ni cwebp -q 80 -m 6 picha.png -o picha.webp. Kiwango cha 75 hadi 80 kinatosha kwa picha za kamera. Chini ya 70 ngozi za watu zinaanza kuwa na viraka. Kwa picha za skrini, nembo, na chochote chenye rangi chache zilizotulia, tumia -lossless, au -near_lossless 60 ukitaka kupunguza zaidi kidogo.

Kuna kasoro moja ya WebP ambayo huwarudisha watu PNG bila sababu. Maandishi mekundu juu ya nyeupe, au nembo nyekundu juu ya buluu, kingo zake zinavimba na kuchafuka. Hii si kwa sababu ya ubora mdogo. Ukipanda hadi 95 bado ipo. WebP inayopoteza ubora huhifadhi taarifa za rangi kwa nusu ya vipimo kila upande, yaani pikseli nne hugawana rangi moja, na mwanga peke yake ndio unaobaki kamili. Nyekundu kali ndiyo inayoonyesha kosa hilo kwanza. Ongeza -sharp_yuv kwenye amri, itapungua sana. Ikibaki, faili hilo ni la -lossless.

Anza na asilia siku zote. JPEG iliyobanwa ikigeuzwa kuwa WebP inabeba madoa ya JPEG na kuongeza yake. Na JPEG ikigeuzwa kuwa PNG "ili iwe safi" inakuwa kubwa zaidi na madoa yake yamehifadhiwa kwa uaminifu mkubwa.

Kwa PNG zinazobaki, pngquant --quality=65-80 huzishusha hadi rangi 256 na mara nyingi jicho halioni. Litaona kwenye vivuli laini, kwa hiyo vikague hivyo tu. Lakini kuna jambo linalofuta kazi hiyo kimyakimya: wakati wa kujenga toleo, Android hupitisha PNG kwenye kibanaji chake, na Xcode, zana ya Apple ya kujengea programu, ina chake. PNG iliyokwisha kubanwa vizuri inaweza kutoka ikiwa nzito kuliko ilivyoingia. Ukitumia pngquant, zima crunchPngs upande wa Android na COMPRESS_PNG_FILES upande wa Xcode, kisha linganisha mafaili ndani ya kifurushi cha mwisho. Usilinganishe kwenye folda ya mradi. Kule hakuna kilichobadilika.

Rangi inayofifia kutoka moja hadi nyingine isiwe picha kabisa. Mistari mitatu ya msimbo inaichora, haina uzito na haina ngazi. GIF nayo ingefaa kustaafu: ina rangi 256, ni nzito, na WebP ya mwendo au video fupi ya MP4 hufanya kazi hiyo kwa sehemu ndogo ya uzito.

Kilichofichwa ndani ya faili

Simu inapopiga picha wima, mara nyingi haizungushi pikseli. Inaandika kwenye EXIF, maelezo yaliyofichwa ndani ya faili, kwamba mwelekeo ni 6, yaani anayeonyesha aizungushe nyuzi 90. Zana nyingi za kubana hufuta EXIF ili kupunguza uzito. Maelezo yanaondoka, pikseli zinabaki zimelala, na kuanzia hapo kila mtu kwenye programu amelalia bega. Cha kuudhi zaidi, picha zilizopigwa simu ikiwa imelazwa ziko sawa, hivyo kasoro inaonekana kama bahati nasibu.

Utaratibu sahihi ni zungusha pikseli, geuza rangi kuwa sRGB, mfumo wa kawaida wa rangi za skrini, ndipo ufute. Katika ImageMagick hatua ya kwanza ni -auto-orient. Hatua ya rangi hurukwa sana. Simu nyingi za sasa, iPhone ikiwemo, hupiga kwa rangi pana za Display P3. Ukifuta wasifu wa rangi bila kugeuza, namba zilezile zinasomwa kama sRGB na picha inafifia. Watu wanaishia kulaumu kibanaji.

EXIF hiyo hiyo inaweza kubeba mahali picha ilipopigwa, kwa usahihi wa mita chache. Mtu anauza kiti cha zamani ndani ya programu yako na anatangaza ramani ya nyumba yake. Futa kwenye simu kabla ya kupakia, usisubiri seva. Hapo hapo punguza upande mrefu hadi pikseli 1600 au 2048, ubora 80. Hakuna sababu ya kusukuma picha nzima ya kamera kupitia mtandao dhaifu ili seva ije iipunguze. Seva iendelee kukagua yenyewe, kwa kuwa si kila kinachoifikia kimetoka kwenye programu yako. Iwe pia tayari kwa HEIC, fomati ambayo iPhone hupigia tangu iOS 11 na ambayo simu za Android za zamani hazifungui.

Picha zinazotoka kwenye seva

Tengeneza upana wa aina chache: 160, 320, 640 na 1080 zinatosha kazi nyingi. Programu ichague ile iliyo juu kidogo ya inayohitaji. Kuiacha kila simu iombe pikseli zake kamili kunavutia kwenye karatasi, lakini simu ya 1080 na ya 1084 zinaomba mafaili mawili tofauti, na kache ya seva inajaa mapacha.

Jina la faili litokane na yaliyomo ndani yake, si na namba ya mtumiaji. Picha ikibadilika jina linabadilika, na unaweza kuweka Cache-Control ya mwaka mzima, max-age=31536000, bila hofu ya picha ya zamani kung'ang'ania.

Kisha kuna kasoro ya viungo vyenye saini, ambayo inamaliza bando kuliko picha yoyote kubwa. Hifadhi za wingu hutoa kiungo chenye saini na muda wa kuisha mwishoni mwake. Kila programu inapouliza orodha, viungo vinakuja na saini mpya. Maktaba ya picha hutumia kiungo kizima kama ufunguo wa kache, kwa hiyo kwake kila picha ni mpya, na inapakuliwa tena kila mtu anaporudi kwenye skrini. Kwa macho inaonekana picha inachelewa kidogo tu. Katika Glide rithi GlideUrl na ubadilishe getCacheKey ili ikate kila kitu baada ya alama ya kuuliza. Maktaba nyingine nyingi zina mahali pa kuweka ufunguo wako mwenyewe. Jaribio lake ni rahisi: fungua skrini, funga programu kabisa, zima mtandao, fungua tena. Ili orodha yenyewe ionekane bila mtandao lazima iwe imehifadhiwa. Picha zikikosekana na orodha ipo, ufunguo ndio mbovu.

Tuma upana na urefu wa picha pamoja na kiungo chake. Programu itatenga nafasi mapema na maandishi hayatarukaruka picha zikifika. Ukitaka uzuri zaidi, BlurHash ni herufi 20 hadi 30 hivi zinazochora ukungu wenye rangi za picha husika.

Ikoni za mfumo zina sheria zake, na ni za kukariri tu. Ikoni ya arifa ya Android husomwa uwazi wake peke yake; ukiweka nembo yenye rangi na mandharinyuma, kinachotokea ni mraba mtupu. Ikoni inayobadilika umbo, tangu Android 8.0, ni dp 108 kwa 108, na kilicho muhimu kikae ndani ya duara la dp 66 katikati. Ikoni ya App Store ni pikseli 1024 kwa 1024 isiyo na tabaka la uwazi; hata kama hakuna pikseli iliyo wazi, tabaka likiwepo inakataliwa.

Kupima na kulinda

Fungua kifurushi cha toleo kwa APK Analyzer, panga kwa uzito, usome kumi za kwanza. Karibu kila mara utakuta picha ya jaribio, nakala mbili za picha moja zenye majina tofauti, na mandharinyuma ya skrini iliyokwisha kufutwa. shrinkResources huondoa zisizotumika ikiwa kupunguza msimbo nako kumewashwa. Tahadhari ni picha zinazoitwa kwa jina lililoungwa wakati wa kuendesha, kwa getIdentifier. Kwa kawaida kifaa hicho hujaribu kuzitambua kutoka kwenye maandishi yaliyo ndani ya msimbo, lakini kwenye hali kali zinafutwa, na skrini inakosa picha kwenye toleo la umma pekee. Zitaje kwenye tools:keep.

Kwa RAM, tumia amri ya adb shell dumpsys meminfo ikifuatwa na jina la kifurushi. Tangu Android 8.0 pikseli za picha hukaa kwenye Native Heap, memori iliyo nje ya Java, si kwenye heap ya Java, kwa hiyo anayeangalia Java peke yake ataona kila kitu kimetulia mpaka mfumo unapoiua programu. Kwenye iOS ni vilevile: programu iliyouawa kwa kukosa memori haiachi ripoti ya kuanguka ya kawaida, na mtumiaji anasema "ilijifunga yenyewe". Soma namba, sogeza orodha chini safu hamsini, rudi juu, toka kwenye skrini, soma tena. Isiporudi karibu na ilipoanza, kuna kitu kimeshikilia picha.

Mwisho, weka kizuizi kwenye mashine inayojenga matoleo. Amri ya find yenye -size +200k juu ya folda za picha inatosha: faili likizidi KB 200, ujenzi wa toleo unasimama, isipokuwa limetajwa kwenye orodha ya misamaha pamoja na jina la skrini linapotumika. Ongeza mstari mmoja unaokataa picha yoyote yenye upande unaofikia pikseli 2000 au kuzidi, kwa kuwa kizuizi cha KB peke yake kingeipitisha ile ya 180. Orodha ya misamaha isomwe kabla ya kila toleo, na skrini ikifutwa, mstari wake na faili lake viondoke pamoja.